Mtoto kazimia kwa sumu ya kasa: sampuli ya utafiti ichukuliwe kabla ya ridhaa?

Mleta mada (Mkoani, Pemba)

Assalaam aleykum. Jambo hili limenikaa rohoni tangu Machi 2024, pale Kisiwa Panza watu walipokula nyama ya kasa wakafariki watoto wanane, kisha mwanamke mmoja ambaye alikuwa mama wa mmoja wa watoto wale. Watu 78 walilazwa. Wala haikuwa mara ya kwanza. Novemba 2021, hapa hapa Pemba, walifariki saba, na miongoni mwao alikuwemo mtoto wa miaka mitatu.

Sitaki tubishane kama kasa aliwe au asiliwe, hilo limeshasemwa. Ninachouliza ni hiki. Sumu ile mpaka leo haina dawa ya kuivunja. Daktari humpa mgonjwa dripu, humlaza ubavu asipaliwe na matapishi, humsaidia kupumua akishindwa, basi. Wapo watafiti walioihusisha sumu hiyo na mwani anaokula kasa, lakini hospitali haina kipimo cha kumwambia muuguzi kwamba huyu ana sumu ya kasa na yule hana. Dawa itatoka wapi kwa sumu isiyojulikana vizuri?

Na damu inayofaa kuchunguzwa hupatikana katika saa zile zile ambazo mtoto hajitambui, mama naye kalegea kwa nyama ya chungu hicho hicho, na baba yuko dago, kambi ya wavuvi. Je, wataalamu waruhusiwe kuchukua sampuli kwanza na ridhaa ifuate? Mimi nasema ndiyo, kwa masharti. Semeni na nyinyi.

Bibi wa Wete

Mimi nasema hapana, na sababu ninayo.

Walikuja watu wa mradi, sitautaja. Wakamtoboa mjukuu wangu kidole, wakadondosha damu kwenye vikaratasi, wakaandika namba. Nikauliza, majibu lini? Nikaambiwa, Bibi, yatakuja. Mjukuu yule leo kaolewa na ana watoto wake, na majibu hayajafika mpaka hii leo. Na hapo niliombwa, nikaweka dole gumba kwenye karatasi. Ikiwa niliyeombwa sikurudishiwa chochote, asiyeombwa atarudishiwa nini?

Mtoto akiwa kazimia ndipo anapohitaji zaidi mtu wa kumsemea.

Mwalimu wa skuli, Chake Chake

Shikamoo Bibi. Nakuunga mkono nusu, nusu nyingine uniwie radhi.

Pemba tunajua utafiti kuliko watu wengi. Miaka ya 2002 na 2003 watoto wetu wa chini ya miaka mitatu, zaidi ya 24,000, waliingizwa kwenye utafiti wa vidonge vya madini ya chuma. Wakati ule karibu kila mtu duniani aliamini chuma ni kheri tupu kwa mtoto mwenye upungufu wa damu. Agosti 2003 vidonge vile vikasimamishwa, kwa sababu waliopewa chuma walikuwa wakilazwa na kufariki zaidi kuliko wenzao, tofauti ya asilimia 12. Malaria ilikuwa nyingi, na chuma kilimpa mdudu nguvu. Matokeo yalichapishwa 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa nchi zenye malaria kali.

Kisa hiki hukitumia kila mtu kwa upande wake. Anayepinga utafiti atasema, si mnaona, watoto wetu waliumia. Mimi nasema bila ya utafiti ule tungeendelea kugawa vidonge vile kliniki kwa kliniki, na watoto wangeumia vile vile bila ya mtu kuhesabu. Hata hivyo wazazi wale waliulizwa mchana, watoto wazima, muda upo. Ya sumu ni usiku na haraka. Kwa hiyo mfano wangu hautoshi, naukubali upungufu wake.

Muuguzi, wodi ya dharura

Sitasema nafanya kazi wapi. Nataka tu muuone usiku wenyewe unavyokuwa.

Mtoto wa kwanza analetwa na gari ya abiria, ulimi una utando mweupe, analia koo linamwaka moto. Huyo ndiye mwenye nafuu. Wa pili halii. Kalala mkononi mwa ami yake kama kitambaa kilichorowa. Natafuta mshipa ambao umejificha, nafunga mpira mkononi, nagonga kwa kidole, naupata mara ya tatu. Kabla sijaunga dripu nachota damu ya vipimo: sukari, malaria, figo. Damu hiyo siiombei karatasi, ni ya matibabu. Vipimo vikishafanywa hubaki kiasi kidogo ndani ya kichupa. Hicho kilichobaki ndicho tunachobishania hapa, na kesho yake humwagwa.

Ndugu zangu, tutenganishe mambo mawili. Kukiweka kile kilichobaki kwenye friza hakumwongezei mtoto hata sindano moja. Kumjaribia dawa ambayo hatujui itafanya nini ni jambo jingine kabisa, kwa sababu laweza kumuua. Tukiyachanganya haya, Bibi atakataa yote mawili, na ana haki.

Na hilo la pili nalo halijakosa njia. Kulifanywa utafiti mkubwa wa watoto waliofika hospitali na homa kali huku mzunguko wa damu umedhoofu, zaidi ya 3,000, Kenya, Uganda na kwetu Tanzania, hospitali ya Teule kule Muheza. Swali lilikuwa, wamiminiwe maji mengi ya mshipa kwa kasi au la? Vitabu vyote vilisema wamiminiwe. Mzazi alielezwa kwa mdomo, maneno machache, akikubali mtoto akatibiwa papo hapo, na ridhaa kamili ya maandishi ikafuata hali ilipotulia. Mwaka 2011 ukasitishwa kabla ya muda. Kati ya kila watoto 100 waliomiminiwa, 10 hadi 11 walifariki ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa, 7. Mimi nilifunzwa kumimina. Nilikuwa namimina kwa mikono hii.

La mwisho, hata chungu ni sampuli. Jirani wema wakishasikia msiba hukimbilia kusugua sufuria na kufukia nyama, wakiona wanaondoa balaa, kumbe ushahidi wote unakwenda na majivu. Na maziwa ya mama vile vile. Mama aliyekula kasa huweza kupona huku kichanga anachonyonyesha kikafariki.

Mwanafunzi wa sheria, Unguja

Nitasema kwa ufupi. Azimio la Helsinki la madaktari wa dunia, la 1964 na marekebisho yake, halikatazi utafiti kwa asiyejitambua pale hakuna wakati wa kumsubiri wa kumsemea. Lakini linataka kule kutojitambua kwenyewe kuwe ndiyo sababu ya kuwachunguza watu hao, kamati ya maadili, ile inayokagua utafiti, iwe imepitisha kabla, na ridhaa ya kuendelea iombwe mapema iwezekanavyo. Marekani nao tangu 1996 wanaruhusu, ila kwa sharti jamii ishauriwe na kutangaziwa kabla utafiti haujaanza. Hilo ndilo ninalolitaka Pemba: shehia kwa shehia, barazani, kabla ya kasa kuvuliwa. Sheha hawezi kutoa ridhaa ya mtoto wa mtu. Anachoweza ni kuwakusanya watu wakaulizwa.

Mvuvi

Nyote mmezungumzia damu, kasa mwenyewe hamjamgusa.

Kasa analindwa na sheria. Mtu akifika hospitali na mwanawe mikononi, akiulizwa kala nini, anajibu samaki. Anaogopa. Na daktari akiandika samaki, utafiti wenu umeanza na uongo. Ng'amba, aina moja ya kasa, ndiye anayetajwa zaidi kwa sumu, lakini huwezi kumjua kwa macho wala kwa harufu, na ukimchemsha mpaka nyama iachane na mfupa sumu haiondoki. Kuna watu wamemla miaka yote na hawajaona kitu, ndiyo maana wanaendelea.

Kwa hiyo kabla ya kuniuliza kuhusu sampuli, nihakikishieni hili: karatasi iliyoandikwa kasa haitatoka hospitali kwenda kwa askari. Mkishindwa hilo, hata mkichota damu ndoo nzima haitawafaa.

Mleta mada

Mvuvi umenigeuza. Sharti langu la kwanza lilikuwa kamati ya maadili, sasa naweka siri ya mgonjwa mbele yake. Anayechunguza sumu na anayelinda kasa wasiwe na daftari moja.

Mwalimu na Muuguzi, nafikiri pia tusiamini dawa kwa sababu ni ya zamani tu. Sri Lanka, watu walionyweshwa au waliokunywa dawa za kuulia wadudu za mashambani wamekuwa wakitibiwa kwa dawa mbili, atropini pamoja na pralidoksimu, na hiyo ya pili ilitumika miongo mingi kwa imani. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa 235, matokeo yakachapishwa 2009, haikuonekana kuokoa. Walioipata walifariki zaidi, ingawa idadi ilikuwa ndogo mno kukata shauri. Kwenye sumu, kutofanya utafiti nako ni kumjaribia mgonjwa, ila hakuna anayeandika matokeo.

Bibi, nakuuliza wewe hasa. Kilichobaki kwenye kichupa, kiwekwe?

Bibi wa Wete

Mwanangu, Muuguzi kanieleza kitu ambacho wale wa mradi hawakunieleza. Kilichobaki, kiwekwe. Kisiandikwe jina, na majibu yaletwe barazani yasomwe kwa Kiswahili, hata kama majibu yenyewe ni kwamba hamkuona kitu.

Dawa ya kujaribia, hapana, mpaka aulizwe mzazi. Baba yuko dago lakini simu anayo. Akikosekana, yupo ami, yupo mjomba, yupo bibi. Mtoto wa Kipemba hafiki hospitali peke yake.

Muuguzi, wodi ya dharura

Bibi, nakubali. Lakini kuna lililobaki, na linanisumbua. Mtoto akifariki kabla mama hajapata fahamu, kichupa chake nimeshakiweka. Maziko ni siku ile ile. Nimwendee mama na karatasi lini? Iliwahi kunitokea, si kwa kasa, kwa sumu nyingine. Sikuweza kumwendea. Nilikimwaga.

Bibi wa Wete

Usiende siku ya maiti. Nenda baada ya hitima, watu wakishapungua. Na uende wewe uliyemshika mtoto, usimtume mgeni na faili. Ukae chini kwenye mkeka, umwambie ulimtafutia mshipa mara tatu. Halafu ndiyo umuulize.