Naombeni ushauri: binti yangu amesusa riwaya tunazosoma kama familia

MamaWatatu
Habari za jioni wapendwa. Nina watoto watatu: binti wa miaka 17, wa kiume 14, na mdogo 12. Tangu likizo ya Juni, tukishakula na vyombo vikaoshwa, tunakaa sebuleni kusoma riwaya kwa zamu. Kitabu ni kimoja, basi anayekishika anawasomea wengine. Tulianza na Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla. Kila mtu alikuwa na mshukiwa wake, na mdogo aliandika majina yao nyuma ya daftari la hesabu ili Bwana Msa, yule mpelelezi wa hadithi, asimtangulie.

Sasa tuko kwenye Rosa Mistika ya Kezilahabi. Tulipofika pale Zakaria anapompiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, binti yangu akasema, "Huyu baba ndiye anayemharibu mwanawe." Baba yake akamkatiza: "Hapana. Fundisho hapa ni mtoto awasikilize wazazi." Binti akaweka kitabu juu ya meza, akajifunika khanga, akaenda kulala. Tangu siku hiyo kila jioni ana kazi za shule. Kulazimisha sitaki, na kuacha roho inaniuma. Nifanyeje?

TichaMstaafu
Pole sana dada. Nimefundisha fasihi sekondari miaka mingi, na neno lililonishtua hapo ni "fundisho". Mtoto anashinda shuleni akitafuta dhamira na ujumbe. Akiulizwa hayohayo usiku, anajua jibu ni moja na mzazi analo tayari. Muulize jambo linalokutatiza wewe mwenyewe. Mama yake Rosa, kwa mfano: unyamavu wake ni woga au ni busara? Mimi hadi leo sijaamua. Riwaya hiyo ilipotoka mwaka 1971 ilizua ubishi mkubwa, hata ikazuiwa mashuleni kwa muda. Watu wazima waligombana juu yake, sembuse binti wa miaka 17?

BabaPacha_Kisauni
Dadangu, sisi tulisoma Siku Njema ya Ken Walibora na pacha wangu wakiwa na miaka 15. Mimi nimelelewa bila baba. Zamu yangu ilipofika, pale mhusika mkuu Kongowea anapomtafuta babake, sauti ikanikwama. Nikashindwa kuendelea. Vijana wakanyamaza, kisha mmoja akaniuliza babu yao alikuwa mtu wa wapi. Miaka yote hiyo hawajawahi kuniuliza! Tulizungumza hadi saa sita usiku. Mwambie shemeji asijizuie kusema lake, ila awe wa mwisho kusema. Kwangu hiyo ndiyo sheria, na inanisaidia mimi kuliko watoto.

Nyanda22
Shikamoo mama. Mimi ni binti, nina miaka 22, na hapa natofautiana kidogo na wakubwa. Rosa Mistika ina sehemu ambazo msichana hawezi kuzisoma kwa sauti mbele ya baba yake na mdogo wa miaka 12. Ningekuwa yeye ningeondoka hata bila kukatizwa. Mwachie aimalize peke yake, halafu mzungumze wawili, labda jikoni mkichambua mchele, maana huko mtu anasema bila kutazamwa usoni. Sebuleni wekeni Kuli ya Adam Shafi: mateso ya makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao. Huyo wa miaka 14 hataharakisha kurasa.

MamaWatatu
Asanteni sana, wote. Nyanda, umenifungua macho, sikuwa nimefikiria habari ya aibu. Nimeongea na mzee. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwani nilimkatiza?" Kuli nitaitafuta Jumamosi. Jana usiku niliiacha Rosa Mistika juu ya friji, na asubuhi haikuwepo. Sijauliza.