Ukoo wa Bibi Mwanakombo: Salum anatafuta gari la kilomita

IJUMAA

Salum (Buffalo): Assalaam alaykum ndugu zangu. Shikamooni wakubwa. Naomba ushauri. Natafuta gari ambalo dashibodi yake inasoma kilomita. Wiki nzima nazunguka kwenye yadi za magari za huku Marekani, kila ninalofungua mlango ni maili tupu.

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu. Kwani hilo ulilonalo lina nini?

Salum (Buffalo): Linasoma maili peke yake shangazi. Hata ile duara ndogo ya kilomita kwa ndani hawakuichapa. Na mimi kila baada ya wiki mbili navuka daraja kwenda Kanada kwa dada Mwanaisha. Ukishuka tu darajani, vibao vyote ni vya kilomita.

Mwanaisha (Hamilton): Jamani hili si jambo dogo. Jumamosi iliyopita nilikaa naye mbele. Kibao kinasema 80, naye akapeleka mshale kwenye 80. Zile ni maili! Ni karibu 129 kwa kilomita, barabara ya kupishana, watoto wamelala nyuma. Nilimshika mkono ndipo akagutuka.

Salum (Buffalo): Ni kweli. Sikuwa na haraka wala usingizi. Macho yaliona 80 yakatafuta 80.

Mama Salum: Mbona hukuniambia?

Salum (Buffalo): Nisamehe mama. Nilijua hutalala.

Baba Mdogo Idi: Salum, gari nimekufundisha mimi, Tanga mpaka Muheza. Ule mwendo wa 50 penye makazi uliujua kwa mwili hata kabla ya kutazama mshale. Huo si uzembe, ni mazoea. Sisi wa zamani maili tumeziishi, ndiyo maana pale Kibaha pangali panaitwa Maili Moja. Shika hesabu hii: maili 5 ni kilomita 8. Hupotei.

Salum (Buffalo): Nikiwa nimekaa naiweza baba. Theluji ikianguka na lori liko ubavuni, sipati nafasi ya kuzidisha na kugawanya.

Baba Mdogo Idi: Hapo sina jibu.

Mwanaisha (Hamilton): Nunua huku kwetu basi. Langu lina kilomita kubwa kwa nje, maili ndogo kwa ndani. Kanada vibao vya barabarani viligeuzwa kuwa vya kilomita tangu 1977.

Hamisi (Columbus): Salum usikimbilie huko kwanza. Nafanya kazi gereji, mambo haya nayaona. Gari la Kanada likija kubaki Marekani lazima litimize viwango vya usalama vya hapa. Utatafuta barua ya mtengenezaji, utajaza fomu za forodha za usalama na za moshi, na kipima mwendo lazima kionyeshe maili. Msamaha wa viwango vya usalama ni kwa gari lililotimiza miaka 25. Wewe unataka la kubebea watoto kwenye baridi, si la miaka 25.

Salum (Buffalo): Muuzaji mmoja kaniambia sheria inakataza kilomita kabisa, eti magari yote ya Marekani yamefungwa kwenye maili.

Hamisi (Columbus): Kakudanganya, au hajui anachouza. Sheria inataka maili ziwepo. Haikatazi kilomita kukaa pembeni yake, na magari mengi ya siku hizi yanabadilika kwa kubonyeza tu.

Baba Mdogo Idi: Kwani hao Wamarekani wanangoja nini kubadilika?

Hamisi (Columbus): Walijaribu baba. 1975 ilipitishwa sheria ya kuhamia mita na kilo, ila kwa hiari, na bodi iliyopewa kazi hiyo ikavunjwa 1982. Iko barabara moja Arizona, I-19, kutoka Tucson kushuka mpaka Nogales mpakani na Meksiko, vibao vya umbali ni vya kilomita. Vya mwendo vimebaki maili.

Mama Salum: Kilo mtaongea baadaye. Mwambieni mtoto anunue gari gani.

Hamisi (Columbus): Sawa mama. Salum, jina la gari lisikushughulishe sana, tazama dashibodi. Yenye mshale na duara mbili itakufaa mchana, usiku zile namba za ndani ni ndogo mno. Nyingine ina mshale wa maili, halafu katikati kuna kioo kidogo kinachoandika mwendo kwa namba. Ukibadilisha vipimo, kile kioo kinaandika kilomita na mshale unabaki kwenye maili. Hiyo si mbaya. Ila inayokufaa wewe ni dashibodi ambayo yote ni kioo, maana hapo hata mshale na namba zake vinageuka. Kwenye Tesla kwa mfano unagusa tu skrini, ila bei zake unazijua.

Hamisi (Columbus): Na usikubali maneno ya mdomo. Kaa kwenye kiti, washa swichi, ingia kwenye mipangilio kwa vitufe vya usukani, badilisha wewe mwenyewe. Kisha omba kuliendesha. Lipo gari linageuza mafuta na joto, mwendo linauacha. Tazama na ile namba ya mwendo unaotega kwenye barabara kuu ili gari liushike lenyewe, nayo imegeuka? Kitabu cha gari utakipata bure kwenye tovuti ya mtengenezaji, kisome kabla hujatoka nyumbani.

Salum (Buffalo): Na nikitafuta dashibodi ya Kanada nikaifunga kwenye hili langu?

Hamisi (Columbus): Hapana. Odometa, ile namba ya umbali wote ambao gari limetembea, inakaa humo humo. Kuichezea ili isome tofauti na umbali ambao gari limetembea ni kosa la jinai. Siku ya kuuza utaandika gari limetembea kiasi gani na kutia sahihi. Usijitie kwenye hilo.

Shangazi Zuhura: Mimi si dereva, lakini kwa nini asiweke alama? Vipande vidogo vya utepe vya rangi, juu ya kile kioo cha mbele ya mshale.

Hamisi (Columbus): Shangazi umemaliza! Salum fanya hivyo leo leo, kabla ya gari jipya. Utepe wa kijani kwenye maili 31, hiyo ndiyo 50 yao. Wa njano kwenye 50, hiyo ni 80. Mwekundu kwenye 62, ni 100.

Salum (Buffalo): Nashuka sasa hivi. Ahsante sana shangazi.

Mama Salum: Na ile baridi nayo ibadilishe. Juzi umeniambia leo ni digrii 20, nikashukuru Mungu, nikajua kama Lushoto. Kumbe ni digrii za Fahrenheit, kwa vipimo vyetu ni 7 chini ya sifuri, na umevaa koti jepesi.

Salum (Buffalo): Itabadilika mama. Nimenunua na koti.

ALHAMISI

Salum (Buffalo): Nimepata. La kwanza kugusa liligeuza mafuta tu, nikamrudishia funguo. La pili kioo chote kimegeuka: mwendo, joto, mafuta kwa lita. Kutoka maili kwenda kilomita ni kubonyeza mara tatu. Upepo wa tairi ndio umenichanganya, umeandika 220.

Hamisi (Columbus): Hizo ni kilopaskali, ndiyo PSI 32 yako ya siku zote, yaani pauni kwa inchi ya mraba. Kama linaruhusu, huo uache kwenye PSI. Hata fundi wa Tanga anakujazia kwa PSI. Halafu sikiliza: upande wa Buffalo rudisha maili. Kibao na kioo viseme lugha moja, kokote uliko. Badilisha ukiwa umesimama.

Salum (Buffalo): Foleni ya forodha inatosha. Nitageuza hapo kila nikivuka.

JUMAMOSI

Mwanaisha (Hamilton): Mko wapi? Wali uko tayari.

Mama Salum: Hata mimi nangoja.

Halima wa Salum: Shikamoo mama. Salum anaendesha, simu nimeshika mimi. Tumeshavuka, kageuza pale forodhani. Watoto wamelala. Kibao 100, kioo 98.