Seva mbili zinatosha kwa klasta (seva zinazofanya kazi kama kitu kimoja)?

Mpya Kisasa: Wakuu, habari za jioni. Natunza mifumo ya SACCOS moja hapa Dodoma. Bodi imetoa hela, nimenunua seva mbili zinazofanana, kila moja ina pawa saplai mbili. Nataka moja ikizima nyingine ipokee kazi, keshia asinyanyue hata kichwa. Nitaweka Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva). Niandae nini kabla sijaziunganisha? Chumba ni kidogo, dirisha linatazama barabara ya vumbi.

Babu wa Nzuguni: Hongera, bodi yangu mimi hujibu "tutaangalia".

Mbili hazitoshi, mkuu. Klasta ni kama mkutano mkuu wenu, bila akidi hakuna maamuzi. Seva moja ikifa, iliyobaki ina kura 1 kati ya 2, na nusu si wingi. Haitapokea kazi, na ukiwa umewasha HA (kipengele cha kuhamisha kazi chenyewe seva ikifa) itajizima na kuwaka upya.

Mimi nilijifanya mjanja, nikailazimisha klasta yangu iridhike na kura moja. Siku swichi ya mtandao ya katikati ilipokufa, kila seva ikaamini mwenzake kafariki, zote zikawasha hifadhidata ile ile. Risiti za asubuhi nzima zikagawanyika sehemu mbili. Siku mbili tulikaa na mhasibu tukilinganisha karatasi moja moja, hanisalimii vizuri mpaka leo.

Tafuta mashine ya tatu, hata kompyuta kuukuu, uiwekee QDevice, programu ndogo ya kuipa klasta kura ya tatu. Kazi yake ni kupiga kura tu. Usiiweke kama mashine pepe ndani ya seva hizo hizo, utakuwa umejidanganya. Swichi nazo ziwe mbili.

Halafu hizo pawa saplai: moja ichomeke UPS (betri ya akiba) hii, nyingine UPS ile, na kila UPS iweze kubeba mzigo wote peke yake. Ukimaliza, chomoa waya kwa mkono wako kabla TANESCO hawajakufanyia jaribio.

Mama Diski: Naongezea. Ukitumia ZFS (mfumo wa kupanga data kwenye diski) na kuwasha unakili, Proxmox hunakili data kwenda seva ya pili kila dakika 15 usipobadilisha. Seva ikifa dakika ya 14, miamala ya dakika hizo imekwenda. Ishushe hadi dakika 1, au hifadhidata yenyewe ijinakili papo hapo. Na dirisha hilo lizibe kabisa, uweke AC. Vumbi letu la Agosti unalijua.

Mpya Kisasa: Asanteni sana. Kompyuta kuukuu ipo, ya mapokezi. UPS ninayo moja, na zile waya nne zote nilikuwa nimeshazichomeka humo. Narudi kwa bodi.