Tupeane uzoefu: Umebadilisha nini kwenye kruza yako, na safari ndefu zikawaje?

Lami Ndefu

Wakuu na dada zangu, heshima kwenu.

Picha za kruza, zile pikipiki za siti ya chini na miguu mbele, zilizorembwa tunaonyeshana sana: ekzosi inang'aa, usukani umepanda juu, mabegi ya ngozi ubavuni. Ninachokitafuta mimi ni maelezo ya mtu aliyekaa juu ya hivyo vitu kutwa nzima. Una chombo gani, uligusa nini, na jioni ulishuka ukiwa na hali gani? Hata kama ni kitu kidogo, kilete.

Naanza na langu. Natumia Kawasaki Vulcan 900, injini ya silinda mbili zilizokaa kama herufi V, cc 903, gurudumu la nyuma linazungushwa na mkanda. Wengi wakinunua kruza hukimbilia ekzosi. Mimi nilianza na shokapu, na hadi leo naamini ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote nilizoweka kwenye ile pikipiki.

Sababu ni hii. Kwenye pikipiki ambayo miguu iko chini yako, ukiona shimo unanyanyuka kidogo, magoti yanapokea pigo. Kwenye kruza miguu iko mbele, huwezi kunyanyuka. Pigo lote linapitia kwenye kitako na kupanda uti wa mgongo. Juu ya hapo, shokapu za nyuma za kruza nyingi zina mwendo mfupi (yaani nafasi ya kubonyea ni ndogo), kwa sababu watengenezaji wanataka siti iwe chini. Kwa hiyo ule mwendo mdogo uliopo inabidi uutumie wote vizuri.

Kabla ya kununua chochote, pima. Nyanyua pikipiki hadi gurudumu la nyuma lisiguse chini, pima kutoka ekseli hadi alama yoyote kwenye fremu juu yake. Ishushe, kaa juu ukiwa na nguo zako za safari na mizigo yako, mwenzako apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo iwe kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa shokapu. Mfano, shokapu yenye mwendo wa milimita 90 inatakiwa ishuke kama milimita 23 hadi 30. Ikishuka zaidi ya hapo, kaza springi. Ukikaza mpaka mwisho na bado inashuka sana, springi ni laini kwa uzito wako, na hapo ndipo kununua kunapokuwa na maana.

Nilikaza, nikaona tofauti. Baadaye nikaweka shokapu ya nyuma yenye springi ngumu zaidi, na mbele springi ambazo zinakuwa ngumu kadiri zinavyobonyea. Kona ambazo zamani pikipiki ilikuwa inayumba katikati, sasa inalala na kutulia. Watu wanahesabu hayo kama mambo ya starehe. Kwangu mimi hiyo ni nguvu pia, maana chombo kilichotulia kwenye kona kinapita kona hiyo kwa kasi zaidi bila kugusa injini.

Karibuni.

Fundi Kabureta

Mkuu Lami Ndefu, uzi huu ulichelewa. Nakubaliana na wewe kuhusu shokapu, ila acha nizungumzie ekzosi, maana ndiyo inayouliziwa kuliko vyote.

Nina Yamaha XVS650 ya kabureta mbili (vile vifaa vya kuchanganya hewa na petroli), injini ya cc 649. Aliyekuwa nayo kabla yangu alifunga bomba mbili fupi zilizonyooka, ndani tupu. Sauti ilikuwa kubwa. Lakini ukitoka kwenye mzunguko mdogo wa injini, pale pale kruza inapotakiwa kuvuta, ilikuwa inasitasita. Ukiachia mafuta ukiwa mwendoni, inalipuka kwenye ekzosi, pa pa pa. Watu husifia ule mlio. Kwa kabureta mara nyingi maana yake ni kwamba hewa imezidi mafuta.

Hewa ya moshi ikitoka kwenye silinda inatembea kwa mawimbi. Urefu na upana wa bomba ndivyo vinavyoamua wimbi lirudi wakati gani, na likirudi wakati mzuri linasaidia kuvuta hewa mpya ndani ya silinda. Bomba fupi na pana linaua hilo kwenye mizunguko ya chini. Ukilazimika kubadilisha, mfumo wa bomba mbili zinazoungana kuwa moja kwa kawaida unakupa mvuto mpana kuliko bomba mbili zilizotengana. Nilirudishia vizuia sauti vya ndani, na mvuto wa chini ukarudi.

Kisha nikashika kabureta. Jeti ni vitundu vya kupitishia petroli. Jeti ndogo inatawala kuanzia sailensa (injini ikiwaka bila kuongezewa mafuta) hadi kama robo ya mafuta, sindano inashika katikati, jeti kubwa inachukua kuanzia robo tatu hadi mwisho. Usipandishe jeti kubwa kutibu tatizo la sailensa, havihusiani. Fungua plagi usome rangi: nyeupe ni hewa nyingi, nyeusi yenye masizi ni mafuta mengi, kahawia hafifu ndiyo unayoitaka.

Kwa wenye injini za kupuliza mafuta kwa kompyuta: injini nyingi, ukiwa kwenye mwendo wa utulivu, kompyuta inalenga uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1, ikiongozwa na kihisi cha oksijeni. Inaweza kujirekebisha kidogo tu. Ukibadilisha ekzosi na chujio la hewa kwa pamoja unaitoa nje ya kipimo chake, na injini inayopozwa na hewa itachemka, hasa silinda ya nyuma isiyopata upepo vizuri. Vitatu hivyo, chujio, ekzosi na ramani ya kompyuta (mpangilio wake wa kiasi cha mafuta), vinakwenda pamoja au viache vyote.

Mama Kruza

Asanteni kaka zangu. Mimi ni mfupi na ninaendesha Vulcan S, kwa hiyo nilianza na mwili wangu. Ile pikipiki inaruhusu vikanyagio kuwekwa sehemu tatu, na kuna siti na usukani wa vimo tofauti. Nilirudisha vikanyagio nyuma, nikaweka usukani unaokuja kuelekea kifuani. Maumivu ya katikati ya mabega yalikwisha hapo hapo. Dada unayesoma hapa na unadhani kruza haikufai: kaa juu yake, nyoosha mikono. Viwiko vikiwa vimenyooka kabisa unakabili upepo kwa mabega, na hutafika mbali.

Ninachotaka hasa kuchangia ni kioo cha upepo. Nilifunga kikubwa nikidhani kikubwa ndicho bora. Kichwa kilikuwa kinatikiswa na upepo kuliko nilipokuwa sina kioo kabisa! Upepo unaoruka juu ya ukingo wa kioo unavurugika, na kama mvurugiko ule unatua kwenye helmeti, utashuka na kichwa kinauma.

Kuna njia rahisi ya kujua urefu unaokufaa. Barabara ikiwa tupu na iko sawa, inama kidogo. Kelele ikipungua, unahitaji kioo kirefu zaidi. Kisha jinyooshe upandishe kichwa. Kelele ikipungua hapo, unahitaji kifupi. Mimi ilikuwa kifupi. Ukingo wa juu sasa uko usawa wa pua yangu, naona barabara juu ya kioo. Hilo ni muhimu sana usiku na mvua ikinyesha, maana kioo hakina waipa.

Bado kulikuwa na upepo unaotokea chini, kati ya tangi na mikono ya gurudumu la mbele. Vibao viwili vidogo vya plastiki chini ya kioo vilimaliza hilo.

Na plagi za masikio, tafadhali. Hata ekzosi ikiwa kimya, kelele ya upepo ndani ya helmeti ukiwa barabara kuu inatosha kuharibu masikio taratibu.

Gia ya Tano

Langu ni fupi. Nina Honda Rebel 500, inatumia cheni. Nilibadilisha sproketi ya mbele, ile gia inayovuta cheni, kutoka meno 15 kwenda 16. Kwa mwendo ule ule, mizunguko ya injini imeshuka kwa asilimia 6 na kidogo: palipokuwa 5,000 sasa ni karibu 4,700. Mtetemo kwenye vikanyagio umepungua, injini imetulia.

Nililipa nini? Mlima mrefu na mizigo, nashuka gia mapema. Kwa anayebeba abiria kila siku nisingemshauri. Na jueni kwamba pikipiki zinazosoma kasi kwenye giaboksi zitaonyesha kasi ndogo kuliko mnayokwenda kweli. Wenye mkanda au shafti, hii haiwahusu kwa urahisi huo.

Mzee wa Mabegi

Vijana, shikamooni nyote mlionizidi, na walio chini yangu marahaba.

Mimi husafiri na mama watoto nyuma, basi nitasema ya mizigo. Kulikuwa na wakati pikipiki yangu ilikuwa ikifika kasi ya barabara kuu usukani unaanza kucheza mkononi. Nikabadilisha tairi ya mbele, nikakaza beringi za shingo, wapi. Kisa kilikuwa lile sanduku la nyuma. Lilikuwa limekaa nyuma ya ekseli, juu, limejaa. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli unanyanyua mbele, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, linatafuta njia yake lenyewe. Kioo kikubwa kilichofungwa kwenye mikono ya mbele kinaongezea hilo.

Tangu hapo vizito vyote, zana, maji, viatu, vinakaa chini kwenye mabegi ya pembeni, mbele kadiri inavyowezekana. Nyuma juu naweka nguo za mvua na vitu vyepesi tu. Usukani umetulia kabisa. Mabegi laini yafungiwe vyuma vya kuyazuia yasiingie kwenye gurudumu, na upande wa ekzosi acha nafasi, ngozi huungua.

Kwa abiria, egemeo la mgongo si pambo. Asiye na egemeo anajishikilia kwa misuli ya tumbo kila unapoongeza mafuta, saa mbili hazifiki anachoka. Mama watoto alipowekewa egemeo ndipo alipoanza kuulizia safari ijayo yeye mwenyewe. Na soma kile kibandiko cha uzito wa juu kwenye fremu. Watu wawili wazima na mabegi mnakifikia haraka kuliko mnavyodhani.

Chuma Baridi

Shikamoo mzee. Umenikumbusha umeme, maana na wenyewe ni mzigo.

Niliwekewa taa mbili za ziada na karakana fulani, za halojeni, wati 55 kila moja. Wakaziunga moja kwa moja kwenye waya wa taa kubwa. Wati 110 kwa volti 12 ni karibu ampea 9, juu ya zile ambazo waya huo ulikuwa tayari umebeba. Plastiki ya waya iliyeyuka chini ya tangi la petroli. Nashukuru niliinusa nikiwa nimesimama.

Nilirudia kazi yote mwenyewe. Waya mnene kutoka betri, fyuzi karibu kabisa na betri, kisha relei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo). Waya wa taa kubwa sasa kazi yake ni kuamsha relei tu. Taa nikaweka za LED za wati 20 kila moja, zote mbili ni ampea 3 na kitu. Mwanga unatosha, na nikapata nafasi ya kupasha joto vishikio vya mikono.

Kitu kidogo kilichonisaidia kuliko nilivyotarajia ni geji ya volti. Washa kila kitu, endesha mwendo wako wa kawaida, soma. Ikiwa kati ya 13.8 na 14.5, uko salama. Ikishuka chini ya 13, unakula betri na mahali fulani mbele huko haitawaka. Kruza za zamani huzalisha umeme mdogo, pimeni kabla ya kuongeza.

Mgeni wa Kruza

Wakuu, nimejifunza mengi. Nataka kupandisha usukani juu, ule mrefu. Nina haja ya kugusa kitu kingine, au nafunga tu?

Fundi Kabureta

Mkuu, usifunge tu. Waya wa klachi, waya wa mafuta, bomba la breki na nyaya za swichi zote zilikatwa kwa urefu wa usukani wa zamani. Kwa kawaida unaongeza vyote. Ukifika kwenye bomba la breki, chukua lile lililosukiwa waya wa chuma, halivimbi ukibana na breki inashika pale pale. Angalia mfuniko wa chupa ya oili ya breki umeandikwa nini. DOT ni daraja la oili hiyo. DOT 5 ni silikoni, usiichanganye na DOT 4. DOT 5.1 ni jamii moja na DOT 4, jina lisikuchanganye.

Ukimaliza, washa injini ikiwa imesimama kwenye stendi, bila gia, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha hadi mwisho kulia. Mlio ukipanda hata kidogo, waya wa mafuta umevutika. Usiingie barabarani hadi uupange upya, kwa sababu siku utakapokata kona kali injini itaongeza mafuta yenyewe.