Tupeane uzoefu: sosi ya babikyu kama ya migahawa ya kuku, kwa vitu vya sokoni Tanga

BintiNgamiani
Wana Tanga, salaam. Uzi huu ni wa waliowahi kuipika wenyewe ile sosi ya rangi ya kahawia, tamu yenye uchachu na harufu ya moshi, inayotolewa na nagetsi na chipsi kuku kwenye migahawa mikubwa ya Dar. Wanangu wakitoka likizo kwa mama yao mdogo huko Dar, tomato sosi ya kawaida hawaitazami. Chupa ya kutoka nje ipo supamaketi, ila kila nikiangalia bei nairudisha kwenye rafu. Sharti langu moja: andika ulichokipika kwa mkono wako, usituletee ulichokiona kwenye video.

Naanza. Nachukua nyanya ya kopo ile nzito, kama gramu 200, naikaanga kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka rangi ikolee na ule ukakasi wa kopo uondoke. Naizimua kwa kikombe kimoja cha maji. Halafu sukari guru iliyopondwa nusu kikombe, siki robo kikombe, ukwaju mzito uliochujwa robo kikombe, haradali kijiko cha chakula, kisha kijiko cha chai kimoja kimoja cha kitunguu maji cha unga, kitunguu saumu cha unga na paprika. Pilipili manga nusu kijiko, chumvi kwa kuonja. Moto mdogo dakika 20, mwiko usitoke mkononi maana inaruka na inaunguza kweli. Sufuria iwe ya stili. Ukwaju na siki kwenye alumini vinaleta ladha ya chuma.

Kwa nini vitunguu vya unga? Ukisaga vibichi, unachopata ni rosti yenye sukari. Ile ya mgahawani ni laini na haina harufu ya mchuzi.

Mjaleo
Dada samahani, mie mtu wa kuja (Mwanza), lakini hiyo uliyoandika ni chachandu iliyovaa suti. Ukwaju tayari mnao kwenye mihogo, kwenye mishkaki, kwenye viazi karai. Mnataka na babikyu nayo muitie ukwaju? Mimi natia siki tupu na nyumbani wanakula.

BintiNgamiani
Waja leo, waondoka leo, haya endelea 😂 Siki tupu inakata puani. Ukwaju unajaza mdomo.

Mpishi_Meli
Wanangu, nimestaafu, nimepika melini miaka mingi na bandari za Marekani nimeshuka, Houston zaidi. Niseme ninayoyajua.

Kwanza, huko kwao hakuna babikyu moja. Carolina ya mashariki sosi yao ni siki na pilipili, nyanya haimo kabisa. Alabama wanayo nyeupe ya mayonezi. Hii nzito, tamu, ya nyanya na molasi ni ya upande wa Kansas City, na ndiyo migahawa ya haraka waliyoifuata. McDonald's walipoanza kuuza nagetsi nchi nzima kule mwaka 1983, babikyu ilikuwa mojawapo ya sosi za kuchovyea walizotoa nazo.

Pili, mkipata kile kipakti cha sosi cha mgahawani, kigeuzeni msome nyuma. Viambato huandikwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Aghalabu mtakuta vya mwanzo ni sukari ya maji ya mahindi, maji, nyanya nzito na siki. Viungo vinakuja mkiani. Kwa hiyo anayehangaika kuongeza viungo aina kumi anatafuta ladha mahali isipokuwepo. Siri iko kwenye mizani ya tamu na chachu, halafu moshi.

Tatu, kuhusu ukwaju. Kuna sosi ya Kiingereza nyeusi, nyembamba, ya Lea & Perrins, inauzwa tangu 1837 na jina lake ni la mji wa Worcester. Mapishi mengi ya babikyu ya nyumbani kule Marekani huitaja. Ndani yake kuna siki, molasi, samaki wadogo wa chumvi, na UKWAJU. Sasa Mjaleo, huyo Mmarekani anayemimina vijiko viwili vya sosi ile ametia ukwaju bila kujua. Bi Ngamiani hakukosea. Ila nawe mwanangu, siki usiitoe. Harufu ile kali inayopanda ukifungua kipakti ni ya siki, ukwaju hauwezi kuitoa. Mimi kwenye nusu kikombe cha uchachu, theluthi mbili siki, theluthi moja ukwaju.

BintiNgamiani
Shikamoo mzee wangu. Na hao samaki wadogo unawafanyaje?

Mpishi_Meli
Marahaba mama. Ni jamaa za dagaa mchele wetu hawa hawa. Nawaosha kuondoa mchanga, nawakausha kwenye kikaango, nawasaga. Nusu kijiko cha chai kinatosha sufuria yenu hiyo, kitiwe mapema kichemke na kuyeyuka. Hutasikia samaki, utasikia sosi imekuwa na kina. Ukiwa na mgeni ambaye samaki humdhuru, mwambie kabla hajachovya.

Mjaleo
Dagaa kwenye babikyu. Tanga mna mambo.

Mchomaji_Chuda
Hapo kwenye moshi ndipo pangu, nipisheni.

Huko viwandani wanatumia moshi wa maji, wa chupa: kuni zinaunguzwa, moshi wake unapozwa, yale matone yanachujwa. Hapa sijauona ukiuzwa karibu, na siutaki. Tunavyo vifuu vya nazi, vya bure, kila nyumba inayokuna nazi inavitupa.

Ninavyofanya. Sosi iko tayari, ya moto, kwenye sufuria yenye mfuniko unaobana. Naweka kibakuli kidogo cha stili kielee juu ya sosi, au kikalie kisosi kilichopinduliwa. Kipande cha kifuu nakichoma jikoni mpaka kiwe kaa jekundu, mwali umekwisha. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanachukua kifuu bado cheusi kinafuka, sosi inakuwa chungu na inakaa kooni siku nzima. Kiwe chekundu kabisa. Naweka kwenye kibakuli, nadondoshea matone machache ya samli, moshi unapanda mweupe, nafunika papo hapo. Dakika tano. Kumi kama unapenda sana. Kina mama wanaopika biriani wanaijua kazi hii, wao wanatumia mkaa wa kawaida, nao unafaa, ila kifuu kina utamu fulani kwenye moshi wake ambao mkaa hauna.

Fanyeni nje au kwenye baraza. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua, na halitoi harufu ya kukuonya.

La pili, msipake sosi hii mapema kwenye nyama. Nimeona vijana wa pale Raskazone wanapaka tangu kuku mbichi, akifika kwa mteja nje ni masizi, ndani damu. Sukari ikipanda kwenye nyuzi 160 hivi inaanza kugeuka, ikizidi hapo inaungua, na mkaa uko juu ya hapo mbali. Choma kuku wako kwa chumvi, ndimu na kitunguu saumu mpaka aive. Dakika tano za mwisho, sogeza makaa pembeni, paka, geuza, paka tena. Inang'aa yenyewe.

ShosteMakorora
Kaka Mchomaji, asante kwa ya kifuu. Na paprika asiye nayo je? Mie natia ile pilipili nyekundu ndefu isiyowasha, nakausha juani, nasaga.

Mchomaji_Chuda
Safi tu. Toa mbegu.

MfugajiPongwe
Naona neno molasi limetajwa, nawahi kabla hamjaja na vikombe. Mke wangu alishaniomba "kijiko tu" kutoka dumu la ng'ombe. Molasi ni masalio mazito yanayobaki kiwandani sukari ikishatolewa kwenye maji ya miwa, na yapo yanayoandaliwa kwa ajili ya watu. Haya tunayonunua wafugaji ni chakula cha mifugo: yamekaa kwenye mapipa, yamehamishwa kwa madumu ambayo hujui yalibeba nini, nzi wamo. Nachanganya na majani makavu na pumba ng'ombe wale vizuri. Usitie kwenye chakula cha wanao. Sukari guru inatosha, maana haijatolewa ile weusi wake. Ukikosa guru, chukua sukari ya kawaida vijiko viwili, iyeyushe kwenye kikaango kikavu mpaka iwe rangi ya kahawa, zima kwa maji ya moto kidogo kidogo (jitenge, inaruka), ongeza kwenye sosi. Rangi na ule uchungu mdogo utaupata.

DadaLushoto
Huku juu msimu wa plamu zinamwagika, zilizoiva kupita kiasi hakuna anayezinunua. Nazichemsha, nachuja maganda na kokwa, natumia badala ya ukwaju na nusu ya nyanya. Inajiganda yenyewe, haihitaji unga wa kuzitisha. Wadogo zangu wanaiita sosi ya mgahawa, mama anaiita jemu yenye pilipili.

MamaChupa
Mie nauzia majirani na mabanda mawili ya chipsi, kwa hiyo niongelee uzito na kukaa.

Uzito. Wengi wanalalamika jioni sosi nzito, kesho yake maji. Ni kornfloo imechemshwa muda mrefu pamoja na siki. Uchachu na moto kwa pamoja unaukata wanga, na ukishakatika haurudi. Kornfloo itiwe mwisho: kijiko kimoja cha chai, vijiko viwili vya chakula vya maji BARIDI, koroga, mimina, dakika mbili tatu za kutokota, epua. Tena ipime ikishapoa, ya moto siku zote inaonekana nyepesi. Viwanda wanatumia wanga uliorekebishwa unaovumilia siki, ndiyo maana yao haikatiki.

Ulaini. Baada ya blenda ipitishe kwenye chujio la waya. Watu wanaruka hatua hii halafu wanauliza kwa nini haifanani.

Kukaa. Chupa za kioo nazichemsha dakika kumi, najaza sosi ikiwa bado ya moto sana, nafunga. Ikifunguliwa inakaa friji, na inachotwa kwa kijiko kikavu. Aliyepunguza siki kwa sababu watoto hawapendi ukali ajue amepunguza na ulinzi, hiyo ale ndani ya siku chache. Kama una wazo la kubandika lebo na kupeleka dukani, anzia SIDO (shirika la viwanda vidogo) wakuelekeze njia ya kufika TBS (shirika la viwango), ndio wanaosimamia usalama wa chakula tangu 2019. Mie bado niko kwenye majirani.

BintiNgamiani
Nimeipika leo kwa mgawanyo wa mzee Mpishi, siki zaidi kuliko ukwaju, na kifuu cha kaka Mchomaji. Mkubwa wangu ameonja, kanyamaza, kachovya tena. Mdogo anasema ya Dar ni tamu zaidi. Nadhani ni kweli, ila sukari siongezi, nusu kikombe inatosha binadamu.

Sasa swali la mwisho, kesho nina changu wawili wa soko la samaki la Deep Sea. Inapakwa kwenye samaki?

Mpishi_Meli
Changu? Hapana mama. Utamu wa changu mbichi ni wake mwenyewe, ukipaka sukari na nyanya umemzika. Ndimu, chumvi, pilipili, mkaa. Sosi ibaki ya kuku.

Mchomaji_Chuda
Naunga mkono. Labda pweza, aliyechemshwa kwanza akalainika, ukampaka mwishoni. Hapo mabanda yetu yanauza.

Mjaleo
Pweza nipo. Lakini ukwaju pembeni.