MJADALA: Gari la umeme la mtumba kwa mtu wa Tanga, lina tija au ni kiherehere?

Mleta mada (Chumbageni)
Wakuu, vijiweni maneno ni yaleyale matatu. Betri ikifa umepoteza gari. Umeme ukikatika umelala. Dar hufiki. Wengine wanajibu kwamba hizo ni hofu za walioshiba harufu ya petroli. Mwenye namba aje na namba, mwenye ushabiki apite. Tuzungumzie gari linalonunulika, yaani mtumba wa Japani kama Nissan Leaf, si lile jipya la kwenye matangazo.

Mhasibu (Raskazone)
Naanza na pesa. Gari dogo la umeme linakula uniti kama 15 kwa kilomita 100. Sehemu ya umeme hupotea njiani wakati wa kuchaji, kwa hiyo kwenye LUKU weka 17. Uniti ya T1, daraja la kawaida la TANESCO, pamoja na kodi na tozo ni shilingi 356, jumla 6,052. Toyota IST ya petroli inayotembea kilomita 14 kwa lita inataka lita 7 na kidogo. Tufanye lita ni 3,000 ili hesabu iwe rahisi, maana bei ya EWURA haitulii: ni 21,000 na ushee. Anayezunguka kilomita 1,000 kwa mwezi anabakiza kama 150,000. Hapo sijagusa oili ya injini, plagi za cheche wala filta ya oili, ambazo gari la umeme halina.

Fundi Umeme (Ngamiani)
Mhasibu, hapo umeruka kitu. Kilomita 1,000 ni uniti 170. Kama nyumba iko D1, ile ya uniti zisizozidi 75 kwa mwezi kwa shilingi 122, gari litaitoa humo. Ukihamishiwa T1, friji, pasi na taa navyo vinalipa 356. Nyumba ya uniti 70 ilikuwa inalipa 8,540, sasa italipa 24,920. Hiyo nayo ni gharama ya gari.

Mhasibu (Raskazone)
Nakubali, sikuiweka. Toa 16,000 na kidogo, bado inabaki 133,000. Ila kwa anayetembea kilomita 300 tu kwa mwezi faida inashuka hadi chini ya 30,000, na huyo simshauri ahangaike.

Fundi Umeme (Ngamiani)
Tuje kwenye soketi, maana hapo ndipo nyumba zitaungua na lawama apewe gari. Soketi ya 13A inabeba pasi ya nusu saa bila shida. Kuchaji ni mzigo uleule saa kumi mfululizo. Skrubu ya nyuma ikiwa imelegea kidogo tu, pale panachemka, plastiki inageuka kahawia, kisha inayeyuka. Anayelazimika kutumia soketi ya kawaida aiweke kebo kwenye ampea 10, yaani kilowati 2.3. Aguse plagi baada ya saa moja. Ikiwa ya moto hadi unaondoa mkono, acha.

Kazi ya haki ni laini ya peke yake toka meni swichi: waya wa milimita 6, breka ya 32A, kifaa cha kukata umeme ukivuja milampea 30, na arthi nzuri. Arthi kwetu pwani ndiyo kidonda. Chumvi inakula kile kibano kinachoshika waya kwenye nondo. Kwa macho kipo, kwa kipimo hakipo. Kebo nyingi za kuchajia hupima arthi kwanza, zisipoipata zinawasha taa nyekundu na kugoma. Hapo anatokea fundi wa njia ya mkato, anaunga arthi na nyutro ndani ya plagi ili kuidanganya kebo. Kebo inakubali, mwenye gari anashukuru. Siku nyutro ikikatika huko nguzoni, bodi ya gari inabeba umeme, na wa kwanza kushika mlango ndiye anayeugundua.

Halafu kebo inayokuja na gari la Japani huwa imeandikwa volti 200. Sisi tuko 230. Soma kibandiko, kama hakitaji 230 au 240 nunua nyingine.

Mtu wa Bajaji (Mikanjuni)
Mnazungumza magari, wakati mjini hapa kwenye tambarare kitu cha umeme cha kwanza kueleweka ni bajaji. Ila kuna mtego. Za bei chee zina betri tano za asidi, volti 12 ampea-saa 100 kila moja, jumla uniti 6. Zinafika kilomita 70 hivi zikiwa mpya. Betri ya asidi ukiimaliza kila siku inastahimili mizunguko 300 hadi 500, kwa hiyo mwaka na kitu seti nzima chali. Ya lithiamu-chuma-fosfeti inapita 2,000. Muulize muuzaji aina ya betri kabla hujauliza rangi.

Na bosi anataka hesabu jioni. Betri ya asidi inachukua saa 6 mpaka 8 kujaa. Ikiisha saa nane mchana, siku imeishia hapo.

Fundi Gereji (Duga)
Kuhusu betri ya Leaf, wenye hofu wana haki nusu. Ile ya uniti 24 haina feni wala maji ya kuipoza, na joto ndilo linaloizeesha. Kwenye dashibodi kuna vijiti 12 vya uhai wa betri. Kikizimika cha kwanza, imeshapoteza kama asilimia 15. Usiamini vijiti peke yake, kuna wanaovirudisha kwa kompyuta vikaonekana 12 siku ya kuuza, kisha vinashuka tena. Chukua kifaa cha OBD, kile kinachochomekwa kusoma kompyuta ya gari, na programu ya simu ya LeafSpy, soma SOH, yaani asilimia ya uhai wa betri iliyobaki. Ikiwa 70, tegemea kilomita 90 ukibahatika. Kisha ishushe chaji chini ya asilimia 20, panda mwinuko, angalia tofauti ya volti kati ya seli ya juu na ya chini. Ikizidi milivolti 100 kuna seli mgonjwa.

Lakini "betri ikifa umepoteza gari" si kweli. Ndani mna moduli 48, iliyokufa inatolewa na kuwekwa nzima ya mtumba. Tatizo ni nani atafungua. Nyaya za rangi ya chungwa zina volti karibu 400, za mkondo mnyoofu. Unachomoa plagi ya usalama, unasubiri dakika 10 kapasita zijimwage, unapima, glovu za volti 1,000 mkononi. Mtu anayejaribu waya kwa kugusisha cheche asikaribie.

Gari "lililokufa" mara nyingi ni kale kabetri kadogo ka volti 12. Kakiisha, gari haliamki wala halikubali chaji, na watu wanaanza kuomboleza betri kubwa. Na mota inapunguza mwendo yenyewe, hivyo breki hazitumiki sana. Kwa hewa yetu diski zinaota kutu. Mara moja moja weka gia ya N ukanyage breki kwa nguvu, barabara ikiwa wazi.

Mleta mada (Chumbageni)
Na umeme ukikatika? Na safari?

Fundi Umeme (Ngamiani)
Bwawa la Nyerere ni megawati 2,115, na hapa mkoani tuna Hale 21 na Pangani 68. Kwa hiyo usiogope uhaba, ogopa transfoma ya mtaa wako. Lakini mwenye kilomita 40 kwa siku halazimiki kuchaji kila usiku.

Fundi Gereji (Duga)
Dar ni kilomita 350 hivi kupitia Segera na Chalinze. Kwa Leaf ya mtumba ule msemo wetu wa waja leo waondoka leo ufute. Hata ukikuta chaja ya kasi njiani, angalia mdomo: la Japani ni CHAdeMO, la China ni GB/T, la Ulaya CCS2. Haviingiliani.

Mtu wa Bajaji (Mikanjuni)
Vipi Lushoto?

Fundi Gereji (Duga)
Toka Mombo ni kilomita 33 na unapanda karibu mita 1,000. Mlima peke yake unakula uniti 4 mpaka 5 juu ya matumizi ya kawaida, kwa hiyo ukifika Mombo na kijiti kimoja cha chaji, lala Mombo. Kurudi ni kinyume, mota inarudisha sehemu ya umeme ule. Ila usijaze asilimia 100 kabla ya kuteremka. Betri iliyojaa haipokei, mota inaacha kuzuia gari, na kona zote zile unazishuka kwa pedi za breki tupu. Chaji hadi asilimia 80, uondoke.