Skuta ya mipigo miwili: daino au macho ya fundi?

Mkaazi wa Shela, Malindi:
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Nina Vespa ya mipigo miwili niliyoibadilisha silinda na ekzosi, na sasa nataka kuchagua jeti kuu ya kabureta, yaani kitundu kinachopimia injini petroli. Je, nisafiri kutafuta daino, ile mashine ya kupima nguvu ya injini, au nitegemee rangi ya plagi kama walivyofanya mafundi wetu wa zamani?

Fundi wa Maweni:
Wa alaikumu salaam. Anza na jeti kubwa, ukimbize skuta barabara ya Gede mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa hadi mwisho, kisha ukate moto na kukamata klachi papo hapo, usimame, ufungue plagi. Kahawia ni nzuri. Nyeupe ni hatari, kwa kuwa petroli ni chache, na petroli ndiyo inayobeba oili na kupoza pistoni. Pistoni yangu iliwahi kushika, ikakwama ndani ya silinda, kwa sababu ya haraka yangu, na uchungu wake sijausahau.

Mwanafunzi wa ufundi:
Naheshimu kauli ya mzee, ila petroli ya leo isiyo na risasi huacha rangi hafifu. Daino huonyesha nguvu katika kila kasi ya mzunguko wa injini, jambo ambalo plagi haiwezi. Hata hivyo kipimo cha oksijeni kinachosoma moshi wa ekzosi hudanganyika, kwani mchanganyiko mbichi wa hewa na petroli hupenya hadi kwenye ekzosi.

Fundi wa Maweni:
Kweli, mwanangu. Tena daino hupima sekunde chache tu. Joto la mwendo mrefu, barabara ndiyo hulijua.